Lithiamu nyingi, sumaku tulivu: je, nyota ni changa?

Swali: Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Ninasomea fizikia hapa Mbarara. Katika spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) ya nyota inayofanana na Jua nimeona mstari wa lithiamu, nanomita 670.8, ukiwa mzito, ilhali mistari ya kalsiamu inaonyesha kuwa shughuli zake za kisumaku ni hafifu. Kikokotoo cha mtandaoni, kinachokadiria umri kwa lithiamu, kinaipa umri wa miaka milioni 300. Je, niuandike katika tasnifu?

Jibu: Usiuandike. Kila muhula naletewa swali la namna hii, na kosa ni lilelile la kudhani kwamba lithiamu ni saa ya kupimia umri, yaani ikiwa nyingi nyota ni changa. Ni kweli kwamba mwaka 1972 mwanaastronomia Andrew Skumanich, akilinganisha Jua na makundi ya nyota kama Kilimia, alionyesha kuwa mzunguko wa nyota na mng'ao wa kalsiamu, ambao ni dalili ya nguvu ya sumaku, hupungua kwa kanuni moja kadiri umri unavyoongezeka. Lakini katika kazi hiyohiyo lithiamu ya Jua ilikuwa chini mno ya kanuni hiyo.

Sababu ni kwamba vitu hivi viwili, sumaku na lithiamu, haviendeshwi na jambo moja. Sumaku hufifia kwa kuwa upepo wa nyota huupunguza mwendo wa mzunguko wake, na mzunguko ndio unaoizalisha. Lithiamu huangamia inaposhushwa penye joto la takriban digrii milioni 2.5, na kinachoamua ni kina cha mchanganyiko wa gesi. Hata Jua letu linatutatiza hapo: tabaka lake la gesi inayopanda na kushuka linaishia kwenye digrii milioni 2.2 hivi, pasipotosha kuiunguza, na bado usoni pake imebaki takriban sehemu 1 kwa 150 ya lithiamu iliyomo katika vimondo vya kale. Katika kundi la nyota liitwalo M67, ambalo nyota zake zina umri mmoja wa miaka bilioni 4 hivi, nyota mbili zinazofanana na Jua zinaweza kutofautiana kwa lithiamu zaidi ya mara 10. Kikokotoo chako kingezipa umri gani?

Kwa hiyo nyota yako huenda ni nzee, iliyojaliwa kuihifadhi lithiamu yake, na kalsiamu inaelekea kukuambia hivyo. Pima kwanza jotoridi lake upya, kwa kuwa kosa la digrii 100 hubadilisha kiasi cha lithiamu kwa robo hivi, kisha utenganishe mstari wa chuma ulioungana na ule wa lithiamu.

Kinachonisikitisha ni wanaosambaza vikokotoo hivyo kana kwamba ni mizani ya dukani. Nimesoma tasnifu zilizoandika umri wa nyota bila kutaja kiasi cha kosa, jotoridi, wala usiku ambao kalsiamu ilipimwa, ingawa Jua lenyewe hupanda na kushuka kisumaku kila miaka 11 hivi. Umri wa namna hiyo nimekuwa nikiufuta kwa kalamu nyekundu, na wako nao nitaufuta.