Kutega dishi Dodoma: mambo ya kushika ukianza kazi

Mdogo wangu unayeanza kufunga madishi huku Dodoma, kabla hujashika rimoti shika pima maji. Nguzo ikiinama hata kidogo, kila ukizungusha dishi kulia au kushoto linapanda au kushuka lenyewe, na utashinda juu ya bati ukitafuta setelaiti upande ambao ndio wenyewe, kumbe kilichokosewa ni mwinuko. Pima nguzo pande mbili, siyo upande mmoja.

Azam wanarusha kupitia Eutelsat iliyoko nyuzi 7 Mashariki. Sisi tuko karibu nyuzi 36 Mashariki, kwa hiyo kwetu setelaiti hiyo iko magharibi, imeelemea kaskazini kidogo: kwenye dira ni kama 280, mwinuko nyuzi 56 hivi. DStv wanatumia ya nyuzi 36, ambayo iko karibu utosini mwetu, mwinuko unafika 83. Na sura ya dishi isikudanganye. Haya madogo ya majumbani LNB yake, yaani kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, hukaa chini, siyo katikati, hivyo uso wake unaonekana umesimama kuliko linakotazama kweli, kwa nyuzi ishirini na kitu. Soma namba za kwenye breketi nyuma.

Sasa skrini, na hapa ndipo wanaoanza wanapoteza siku nzima. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu inaweza kuwa juu huku dishi likitazama ukuta wa jirani, kwa sababu LNB yenyewe inatoa kelele ambazo king'amuzi kinazihesabu. Wewe fuata ubora. Dishi la sentimita 90 huona upana wa nyuzi 2 tu. Ukikosea nyuzi moja umepoteza kama nusu ya mawimbi. Kule juu, karibu kilomita 36,000 kutoka ikweta, nyuzi moja ni zaidi ya kilomita 600. Hapa chini, kwenye ukingo wa dishi, ni milimita 8, hata upana wa kidole haifiki.

Kwa hiyo legeza nati kiasi cha dishi kusogea kwa shida. Sogeza chini ya hizo milimita 8 kila mara, toa mikono, hesabu mpaka tatu, maana king'amuzi hakishiki papo hapo. Ubora ukitokea usikimbilie spana. Endelea kusogeza mpaka uanze kushuka, kisha rudi katikati ya pale ulipoanza kupanda na pale ulipoanza kushuka. Fanya hivyo kwa uelekeo, kisha kwa mwinuko, halafu ndipo uzungushe LNB kwenye shingo yake. Ya Azam huku kwetu inazungushwa sana kuliko ya DStv, kwa kuwa setelaiti yake iko mbali upande wa magharibi nasi tuko karibu na ikweta. Kaza nati kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, macho kwenye ubora, kwani kukaza kwenyewe kunahamisha dishi.

Upepo wa kiangazi hapa uheshimu. Ukifunga kwenye bati au mbao ya kenchi, miezi ya Juni hadi Septemba itakurudisha kwa mteja, hasa kwenye nyumba mpya zilizo peke yake uwanjani. Ukuta au nguzo ya zege ndiyo sehemu yake. Na konekta ya nje ifunge vizuri maji yasiingie.

Kuna simu utapigiwa ambayo haihitaji ngazi. Karibu na tarehe 23 Machi, na tena karibu na tarehe 20 Septemba, kwa siku kadhaa Azam hukatika dakika chache mnamo saa tisa alasiri. Jua linakuwa nyuma kabisa ya setelaiti, kelele zake zinafunika mawimbi. Kwa DStv hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Mteja akipiga simu wakati huo, muulize kwanza ni saa ngapi picha ilikatika na kama jana ilikatika vilevile. Ikiwa ndivyo, mwambie asubiri, wala mtu asiguse dishi.