Nani hakuelewa wiki hii?

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku Nkuhungu hatujambo. Baba yako anakusalimu sana. Mguu umepungua maumivu, asubuhi anajikongoja hadi dukani na kurudi. Joto limezidi, upepo unatuletea vumbi mpaka kwenye sufuria, na mvua bado. Watu wamekwisha safisha mashamba, sasa wanatazama mawingu tu. Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mambo marefu yananipotea katikati. Dada yako atapiga picha kurasa hizi akutumie.

Sauti yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Umesema kila Ijumaa ninyi wanafunzi wa ualimu huko Finland mnakaa duara na mkufunzi wenu, mmetoka nchi mbalimbali, na kila mmoja anaeleza wiki yake darasani ilikuwaje. Wiki iliyopita somo lako la hisabati lilikushinda. Uliwauliza watoto "Mmeelewa?", darasa zima kimya. Ukadhani hawajaelewa, ukaeleza tena, ukaeleza na mara ya tatu, hadi dakika 45 zikaisha na kazi uliyowaandalia haijaguswa. Ijumaa ikafika, wenzako wakasimulia mazuri matupu, na wewe ukasema lako lilikwenda vizuri. Sasa unaniuliza: "Mama, niseme ukweli? Nikisema niliharibu, si wataona Watanzania hatuwezi? Na wakiniuliza habari za shule za kwetu, niseme nini?"

Sema ukweli, baba. Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia, kwa sababu lilinitia aibu miaka mingi.

Mwaka 1988 nilikuwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa. Tulipelekwa mazoezi ya kufundisha, haya mnayoyaita BTP, na mimi na wenzangu watatu tukapangiwa shule ya kijijini upande wa Kibakwe. Nilipewa hisabati darasa la tatu. Unalijua andalio la somo lilivyo: chini kabisa kuna sehemu ya tathmini na sehemu ya maoni. Mimi kwenye maoni niliandika maneno mawili kila siku iliyokuja: "Somo limeeleweka." Niliyaandika hata kabla ya kipindi kuanza, mwanangu, ili mkufunzi akija ghafla akute karatasi imejaa.

Mwalimu wetu mlezi pale alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wewe umezaliwa baadaye, hujui neno hilo lilivyokuwa linatumika kumdharau mtu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo wa kutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wanasoma kwa redio na kwa masomo ya posta. Watu wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Sisi tuliotoka chuoni tulimwona mzee yule kama mtu wa kumvumilia mpaka mazoezi yaishe.

Kila Ijumaa jioni alitukusanya chini ya mgunga nyuma ya ofisi. Alikuja na karanga za kuchemsha kwenye bakuli, tukakaa juu ya mawe. Hakutuuliza masomo yalikwendaje. Aliuliza: "Nani hakuelewa wiki hii?" Ijumaa ya kwanza sote tulijibu kwamba wameelewa. Akala karanga zake kimya, akatuaga. Ijumaa ya pili tukajibu vilevile. Ya tatu akaniambia, "Wewe mwalimu wa hisabati, Ijumaa ijayo njoo na daftari moja. Chagua lile linalokuudhi."

Nililijua lipi. Palikuwa na binti aliyekaa dawati la nyuma, mkimya, ana mwandiko mzuri kuliko wote, na kwenye kutoa anakosa karibu kila hesabu. Chini ya kazi yake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Ongeza umakini." Mzee akalishika lile daftari, akalisogeza mbali na macho, akalisoma muda mrefu. 42 toa 17, binti kaandika 35. 63 toa 28, kaandika 45. 51 toa 36, kaandika 25. Lakini 48 toa 23 alipata 25, sahihi kabisa. Mzee akasema, "Mwalimu, huyu hakosi ovyo. Anakosa kwa utaratibu. Kila alipokosa, jibu lake limezidi kwa kumi. Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Jumatatu nikamwita, mzee yupo pembeni. Binti alieleza nusu Kigogo, nusu Kiswahili, akiwa anatazama miguu yake. Alisema mwalimu ametufundisha kwamba mbili haitoshi kutoa saba, kwa hiyo tunakopa kumi kwa jirani. Basi alikopa. Akatoa. Alipomaliza akamrudishia jirani kumi yake, ndipo akaendelea na upande ule mwingine. Mzee akamuuliza kwa nini amerudisha. Binti akashangaa swali lenyewe. Mama yake alikuwa amekopa debe mbili za uwele kwa majirani, na nyumbani waliambiwa kila siku kwamba uwele wa watu lazima urudi.

Mimi ndiye niliyesema "kukopa". Mtoto alinisikiliza vizuri kuliko darasa zima, akafanya kama mtu mwaminifu anavyofanya na deni, nami nikamwandikia wino mwekundu. Siku iliyofuata niliingia darasani na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa ukindu, nikawaonyesha kwamba vijiti vya mkononi visipotosha tunafungua fungu moja, na fungu likishafunguliwa limefunguliwa. Tangu siku ile hadi nilipostaafu sikutamka tena neno kukopa kwenye hesabu za kutoa.

Sasa rudi kwenye duara lenu. Ungeniambia tu kwamba somo lilikwenda vizuri, ningekuombea na kufunga mazungumzo. Uliponiambia kwamba walinyamaza, hapo ndipo nilipopata la kukusaidia. Na wenzako vivyo hivyo, hawawezi kukusaidia kwa somo lililokwenda vizuri.

Kuhusu ule ukimya, nakueleza ninavyouona mimi, wewe uupime huko uliko. Sisi huku tumewazoesha watoto kuitikia. Mwalimu akisema "Mmeelewa?", darasa zima linapaza sauti "Ndiyo mwalimu!", na hata aliyesinzia anaitikia. Wewe umekulia kwenye sauti hiyo, uliisikia kama mwanafunzi miaka yote ya msingi na sekondari, kwa hiyo usipoisikia unahisi umeachwa peke yako mbele ya ubao. Lakini ile "ndiyo" imenidanganya mimi miaka mingi kuliko ukimya wowote. Ulinieleza kwamba huko watoto wanamwita mwalimu kwa jina lake, wanaanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, na baada ya kila kipindi wanatoka nje kupunga hewa hata kukiwa na theluji. Hao ni watoto wa malezi mengine. Kunyamaza kwao huenda ni kufikiri, na huenda walikuwa wanangoja swali lenye jibu, maana "mmeelewa" haimlengi mtoto yeyote. Wape hesabu moja waifanye kwenye daftari, pita katikati ya madawati, tazama penseli. Penseli iliyosimama itakuonyesha pa kuinama.

Ijumaa ukifika zamu yako, usianze na kujilaumu. Kujilaumu nako kunaficha jambo, watu wanakuonea huruma, wanakupigapiga bega, mnahamia kwa mwingine. Simulia kilichotokea kama unavyomsimulia mtu ambaye hakuwepo: uliuliza hivi, wakafanya hivi, ukadhani hivi, ukafanya hivi. Halafu waulize wao wangefanyaje. Kuna mwenyeji mmoja hapo aliyekulia katika shule hizohizo, yeye anajua ukimya ule una maana gani. Utampata vipi kama hujasema?

Unaogopa kuwa wa kwanza. Naelewa. Miaka yangu ya mwisho kazini tulikuwa na jumuiya ya walimu ya kujifunza shuleni, chini ya mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA. Mwanzoni tulikuwa tunakaa, tunasaini mahudhurio, tunasifiana. Siku moja binti mmoja mgeni, mwenye shahada yake, aliyesomea kufundisha sekondari na kupangiwa kwetu msingi, akasimama akasema, "Nimepewa darasa la kwanza na sijui mtoto anafundishwaje kusoma. Hapa nilipo sijui naanza na herufi au naanza na silabi." Ofisi ilinyamaza. Mimi moyo ulinienda mbio kwa niaba yake. Kisha mwalimu mmoja wa siku nyingi, mkali ambaye hakuwahi kukubali kosa, akasema kwamba yeye hesabu za sehemu zinamshinda kuzifundisha na amekuwa akizirukaruka. Baada ya hapo tulikaa hadi saa kumi na moja. Nilimfundisha yule binti kuanza na sauti, kuanza na irabu, kisha "ma me mi mo mu", kadi za silabi za kukata kwenye maboksi, na jinsi ya kuwasikiliza watoto wachache wachache badala ya kuwaimbisha wote. Alikuja kuwa mwalimu mzuri wa darasa la kwanza kuliko mimi.

Kuna jambo moja nakusihi kwa nguvu zote. Simulia makosa yako, usimwanike mtoto. Jina lake liache darasani. Habari za kwao, kama baba mlevi au mama kaondoka, ziache hukohuko. Nilipokuwa mwalimu mpya nilisema ofisini, kwa huruma tu, kwamba mvulana fulani anakuja shule bila kula. Wiki haikuisha maneno yakafika mnadani, na mama yake akaja kunisimamia mlangoni mbele ya watoto, analia. Yule mvulana hakuniangalia tena usoni mwaka mzima. Sema "mtoto mmoja", yatosha.

Na kuhusu Watanzania kuonekana hatuwezi: hukwenda huko kuwa bendera, umekwenda kujifunza kufundisha. Mkufunzi wako alikuwepo nyuma ya darasa, aliona kila kitu. Kilichobaki kwake ni kujua kama na wewe umekiona. Nchi hiyo imeamua tangu miaka ya sabini kwamba hata mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada ya uzamili, na mahali unaposoma, Jyväskylä, wamekuwa wakiandaa walimu tangu 1863. Watu waliokaa na kazi hii muda mrefu hivyo hawatashangaa kwamba mwanafunzi wa ualimu ameshindwa kipindi kimoja.

Wakikuuliza habari za kwetu, usiwape picha ya kuwaliza, wala usiwafichie. Waambie kwamba mwongozo unasema watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Waambie michango ya lazima shuleni ilipoondolewa, kuanzia Januari 2016, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walikuja kwa wingi, na mama yako alikuwa na darasa la kwanza la watoto 114. Kisha waeleze nililifanyaje, hapo ndipo watasikiliza. Waeleze jinsi nilivyowagawa kwa safu, kila safu na kiongozi wake. Nusu walihesabu vifuniko vya soda chini ya mti wakati nusu ya pili wako nami ubaoni. Nilikuwa na daftari dogo la watoto sita wa kuwatazama kwa karibu kila siku, ili ikifika mwisho wa mwezi pasiwe na mtoto ambaye sijamsikia akisoma peke yake. Waambie pia kwamba wapo niliowakosa. Usiogope kulisema hilo. Wewe una watoto 20 na unajua ugumu wa kumfikia kila mmoja, nao wanajua. Huenda mtu mmoja hapo akapata kwako jambo la kwenda kulijaribu Jumatatu.

Vaa soksi mbili. Kama kiza kinaingia saa tisa alasiri, usijifungie chumbani, nenda ukakae na wenzako. Shangazi yako wa Mvumi anasema akipata mtu wa kuja huko atakutumia mlenda mkavu na unga wa uwele, na zabibu kavu nimekwisha zinunua mimi.

Nimebakiza moja. Kwenye sauti yako ulitaja kwa kupita tu kwamba wakati wote ulipokuwa unaeleza, kuna mtoto karibu na dirisha alikuwa anachora kitu kwenye daftari lake, na wewe ukamwambia afunge daftari akusikilize. Hukuniambia alikuwa anachora nini. Nimelala siku mbili nakifikiria. Kesho ukiingia darasani mwombe akuonyeshe, kisha uniambie.

Ni mimi mama yako.