Shemeji Mganda anapotaka ploti Kisumu

"Hati iko safi, mzee." Dalali yeyote wa Kisumu atakuambia hivyo kabla hujashuka bodaboda. Hati inaweza kuwa safi kweli na bado isimfae mgeni. Niliyajua haya nilipomsaidia shemeji yangu, raia wa Uganda, kutafuta nyumba hapa.

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa lizi (ukodishaji wa muda maalumu) pekee, isiyozidi miaka 99. Hata mkiandikiana zaidi, sheria itahesabu 99. Wala Jumuiya ya Afrika Mashariki haisaidii: itifaki ya soko la pamoja imeiachia kila nchi sheria zake za ardhi. (Mkenya akienda kununua Jinja, Uganda, atakutana na miaka 99 hiyo hiyo.)

Basi anza na aina ya umiliki. Ploti za bei nafuu nje ya mji, nyingi kwenye sajili bado ni shamba, hata kama jirani kajenga ghorofa. Shamba huhitaji kibali cha bodi ya ardhi, na bodi haiwezi kumpa mgeni, ila Rais amwondolee sharti hilo. Tulizipita zote, tukarudi mjini kwenye lizi. Huko uliza miaka iliyobaki: lizi ya miaka 99 iliyoanza 1965 inakwisha 2064.

Halafu tazama jina. Muuzaji mmoja alitutolea hati ya marehemu babake, nyuma yake imebanwa barua ya chifu. Barua hiyo husaidia kufungua kesi ya urithi. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza. Dai hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Hakuwa nayo, tukamshukuru kwa chai tukaenda zetu.

Zilizobaki wakili atakuorodheshea: pasipoti, picha, PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi (mgeni naye hupewa), serchi ya sajili ya ardhi, stakabadhi za kodi ya ardhi, kibali cha kuhamisha lizi, idhini ya mke au mume wa muuzaji. Majina ya pasipoti na PIN yalingane, maana afisi ya ardhi haina mzaha na herufi moja.

Ada ya stempu, asilimia 4 ya thamani mjini, ni ya mnunuzi. Kodi ya asilimia 15 ya faida ni ya muuzaji. Akijaribu kukubebesha, mwambie azungumze na wakili wako.