Kabla hujaagiza vifaranga wako wa kwanza

Swali limeingia wiki hii kutoka Ngaramtoni, Arusha: "Banda langu lina mita tatu kwa nne. Nichukue vifaranga mia wa aina gani?"

Tuanze na hiyo mia, maana ndiyo inayoua miradi mingi. Tatu kwa nne ni mita za mraba 12. Chotara (kuku wa mchanganyiko) wa kufikisha miezi minne wasizidi watano au sita kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ukomo wako ni 60 hadi 70. Ukiwabananisha, maranda yanalowa, harufu inachoma macho, mafua yanaingia na wanaanza kudonoana. Kwa mara ya kwanza chukua 50.

Sasa aina. Kila mtu huuliza ipi inataga zaidi. Jiulize kwanza vifaranga wa mwakani watatoka wapi. Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa ni chotara. Wazazi wao ni koo tofauti zinazotunzwa na kampuni kwa ajili hiyo tu. Mayai yao ukiyatotolesha yataanguliwa, ila utashangaa: umri mmoja, chakula kimoja, huyu mnene na mwenzake kama njiwa. Mitetea wao nao ni nadra kuatamia. Basi ukichagua chotara, umekubali kununua vifaranga kila awamu. Si kosa, mradi umelijua hilo kabla ya kupiga hesabu.

Kienyeji anataga kidogo, mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, lakini anaatamia mayai 10 mpaka 13 kwa siku 21 na kulea mwenyewe. Mwenye kihamba (shamba la nyumbani) Kibosho au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, asiye na muda wa kukaa na jiko la kupasha vifaranga joto usiku, aanze na mitetea 10 na jogoo mmoja aliyetoka boma lingine, wasije wakazaana ndugu kwa ndugu. Kishingo anafaa kule chini kwenye joto, Kahe na Boma Ng'ombe, kwa sababu shingo isiyo na manyoya inatoa joto. Baridi ya Julai kule juu Machame itamtesa. Kuchi, kienyeji mwenye umbo kubwa, ana bei nzuri, ila anakua polepole na hatagi sana. Si kuku wa kuanzia.

Kuku wa mayai wa kisasa? Mmoja anakula gramu 115 hadi 120 kwa siku. Mia wanamaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku nne, na hawaanzi kutaga mpaka wiki ya 18 hadi 20. Asiye na akiba ya miezi mitano asiwaguse.

Kuna utapeli mmoja unaowapata wageni kila msimu. Unaletewa boksi la "chotara" wa bei poa, unafungua, wote ni weupe-njano. Funga boksi. Kwenye kuku wengi wa mayai wa rangi ya kahawia, kifaranga jike huzaliwa kahawia na dume huzaliwa mweupe-njano, na hao madume hawana kazi kwa mfugaji wa mayai, ndiyo maana wanauzwa. Watakula miezi mitano wakiwa mifupa. Kuroiler huja mchanganyiko: weusi, wenye michirizi mgongoni, kahawia. Shika mmoja pia, mgeuze: kitovu kiwe kimefunga na kikavu, miguu iwe na nguvu, nyuma pasiwe na kinyesi kilichoganda.

Wakishafika, moto. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame: wakirundikana chini ya jiko wana baridi, wakikimbilia ukutani wakihema joto limezidi. Jiko la mkaa lisiwashwe bila tundu la hewa juu ya ukuta. Gesi yake isiyoonekana inaua kimya. Siku ya pili jioni papasa mfuko wa chakula ulio chini ya shingo: uwe umejaa na laini. Ukiwa mtupu, kifaranga hajaona chakula au maji.

Mdondo (ugonjwa wa Newcastle) haujali aina. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kuku mdogo kwa mkubwa, na hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, kwa hiyo changeni na majirani. Ile ya kuchanganya kwenye maji isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, maana chanjo hai inakufa humo.

Kwa huyu wa Ngaramtoni: Sasso au Kuroiler 50, na mifuko mitatu ya kilo 50 ya chakula iwe tayari kwa wiki nane za mwanzo. Wachukue katikati ya Agosti, baridi ikianza kulegea. Desemba watu wakirudi nyumbani kwa sikukuu, majogoo wako watakuwa na miezi minne, na wanunuzi watakufuata bandani.