Ukinyang'anywa uwakala: nilivyozipoteza siku 14 za oda ya mahakama

Alhamisi moja baada ya alasiri, dereva wa tuktuk aliingia dukani kwangu Mwembe Tayari, Mombasa, na tairi jipya begani. Hakuja kununua. Alitaka nimweleze kwa nini mimi ninamuuzia ghali kuliko kule alikolitoa, shilingi 250 nzima. Nikaligeuza tairi. Jina lile lile, mistari ile ile, na kikaratasi cha njano cha kiwandani hakijabanduliwa. Nikamwomba risiti. Ilikuwa ya duka la Changamwe ambalo sikuwahi kuliuzia hata tairi moja.

Kwa mkataba niliotia sahihi, mimi ndiye niliyekuwa msambazaji pekee wa tairi hilo katika kaunti zote 6 za Pwani. Kampuni ya Nairobi inayoyaingiza nchini haikuwa na ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine kuanzia Taita Taveta hadi Lamu. Miaka minne nilizunguka na lori dogo la kanta, Ukunda, Kilifi, Malindi, mpaka Hola, nikiwabembeleza wenye maduka walioniambia tairi hilo hawalijui na hawalitaki. Rangi ya mabango nilinunua mimi. Fundi wa kuyachora nilimlipa mimi.

Nikampigia meneja mauzo. "Ndugu yangu, hebu nifuatilie." Akafuatilia mpaka Jumatatu, ndipo barua pepe ikaingia: mkataba umesitishwa kuanzia tarehe ya barua. Aya tatu, na ya tatu ilikuwa ya kunishukuru kwa ushirikiano.

Tangu yanifike, wafanyabiashara watatu wamenijia kwa nyakati tofauti na kisa kinachofanana na changu, mmoja wa rangi za nyumba, mmoja wa betri, mmoja wa maziwa ya unga. Wote huanza na swali moja: nikimbilie koti? Mimi huwajibu wakimbie, ila wajue wanakwenda kununua nini. Oda ya zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mtu asifanye jambo mpaka kesi isikilizwe, hairudishi uwakala. Inakupa muda, na muda huo una bei na una tarehe ya kuharibika kama maziwa.

Siku ile ya barua nilikwenda kwa wakili, mama mmoja wa makamo ambaye ofisi yake ni panda ngazi mpaka uchoke. Kabla sijakaa vizuri akasema, "Mkataba uko wapi?" Nilikuwa nao kwenye bahasha ya kaki, umekunjwa mara nne. Miaka minne sikuwahi kuusoma zaidi ya ukurasa wa bei. Yeye alisoma vipengele vitatu tu: cha eneo, cha kusitisha na cha kutatua mizozo. Cha kusitisha kilisema upande wowote unaweza kuuvunja mkataba bila kutoa sababu, mradi utoe notisi ya siku 90 kwa maandishi. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Hawakunipa notisi, basi wamekwisha!

"Umefurahi nini, kaka?" akaniuliza. "Hapa maana yake ni kwamba hata wangefuata kila kitu, baada ya miezi mitatu ungekuwa nje. Koti haiwezi kukupa zaidi ya ulichokubali mwenyewe."

Sikumwelewa siku ile. Kama mkataba unavunjika kwa notisi ya siku 90, basi kwa kawaida fidia yako nayo inapimwa kwa siku hizo 90. Ile miaka minne ya kuzunguka na kanta haimo. Na jaji hatakulazimishia ndoa na mtu aliyekwisha kukuchoka, kwa biashara ambayo kila wiki inataka simu, mkopo na kuaminiana. Nina ami yangu anayeishi Deira ambaye alinitia ujinga mwingi sana kwa simu. Kule Dubai, wakala aliyesajiliwa serikalini analindwa na sheria yake maalumu, ya kwanza ya 1981 na sasa ile mpya ya 2022, na kumtoa si kazi nyepesi. Ami akadhani na hapa ni hivyo. Kenya hatuna sheria kama hiyo ya kumlinda msambazaji. Hapa kinga yako ni karatasi uliyotia sahihi, basi.

Mkataba wangu haukuwa na kipengele cha usuluhishi. Wako huenda unacho, maana mikataba mingi ya siku hizi inacho: mzozo wowote upelekwe kwa msuluhishi, si mahakamani. Usivunjike moyo ukikiona. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu kuomba hali ibaki kama ilivyo wakati msuluhishi anasubiriwa. Mahakama ya Rufaa ililieleza hilo mwaka 2010 kwenye kesi ya Safaricom na hoteli ya Ocean View Beach: jaji hapo hasikilizi ugomvi wenyewe, anaangalia kama kweli kuna makubaliano ya usuluhishi na kama kinachogombaniwa kiko hatarini kuharibika kabla msuluhishi hajaketi. Ukienda na kesi ya kawaida na kukificha kipengele hicho, wenzako watakitoa wao na kuomba kesi isimamishwe.

Tuliwasilisha kesi kwa mtandao, pamoja na ombi la zuio na hati ya dharura. Ijumaa jaji akasoma karatasi zetu bila upande wa pili kuwepo, akatoa oda: kampuni isimuuzie wala isimteue mtu mwingine katika eneo langu mpaka ombi lisikilizwe. Nilimpigia mke wangu nikamwambia tumeshinda. Jioni ile nilinunua biriani ya watu kumi. Kesho yake nikatoa kopi za oda ile na moja nikaibandika dukani juu ya kalenda.

Wakili alipopata habari akanipigia. "Bandua hiyo karatasi. Umeshinda nini? Umepewa siku 14."

Kanuni zenyewe zinasema hivyo, Amri ya 40 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Oda iliyotolewa upande mmoja tu ukisikilizwa haizidi siku 14, na inaweza kuongezwa mara moja. Tena unatakiwa uwafikishie wenzako oda, ombi na hati ya madai ndani ya siku 3. Usipofanya hivyo oda inajifia yenyewe, hakuna haja ya mtu kuipinga. Sisi oda ilitoka Ijumaa na kampuni iko Nairobi. Mtu wa kupeleka karatasi alizifikisha Jumatatu asubuhi, na mimi nilikesha Jumapili nzima kama ninayengoja maiti uwanja wa ndege.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema: oda huzuia yajayo. Lile duka la Changamwe lilikuwa limekwisha kupokea mzigo. Matairi yale yalikuwa mali yake, ameyalipia, na yeye hakuwa kwenye kesi. Aliendelea kuyauza kwa raha zake nami nina karatasi yangu ukutani. Kama unajua ni nani amepewa eneo lako, mwambie wakili mapema afikirie kumuunganisha. Na ukiona hata fununu kwamba mzigo unaelekea kwa mtu mwingine, nenda kabla lori halijashusha. Mimi nilikuwa nimesikia fununu hiyo kwa hamali mmoja wa Shimanzi wiki tatu nyuma, nikapuuza.

Sasa nije kwenye kilichoniangusha.

Tangu kesi ya Giella na Cassman Brown ya mwaka 1973, majaji wetu huuliza mambo matatu mtu akiomba zuio. Kwanza, je, kesi yako ina sura ya kushinda? Pili, bila zuio utapata hasara ambayo pesa haiwezi kuiponya? Tatu, kama jaji bado ana shaka, ni nani ataumia zaidi? Mahakama ya Rufaa ikakaza mwaka 2014, kesi ya Nguruman: hizi ni ngazi, unapanda moja baada ya moja. Ukiteleza ya pili, ya tatu huifiki hata ukiwa na machozi ya kujaza ndoo.

Mimi ni mtu wa hesabu. Babu yangu alikuwa na duka Biashara Street, na tulilelewa kwa msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo wakili aliponiambia nieleze hasara yangu kwenye kiapo, yaani maelezo ya maandishi ninayoyaapia, niliieleza. Nilikaa usiku na daftari, nikajumlisha mauzo ya miezi 12, nikatoa gharama ya kanta, dereva, godauni na hamali, nikapata faida ya kila mwezi: shilingi 412,600. Wakili alitaka tuiache jumla hiyo. Nikang'ang'ania iwekwe, maana niliona ndiyo itakayomtia jaji huruma.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa kampuni hakupiga kelele. Alimwomba jaji afungue aya ya 17 ya kiapo changu. Akaisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mlalamishi mwenyewe amekwisha kuijua hasara yake, na mteja wake ana uwezo wa kuilipa akishindwa. Akakaa. Dakika nne hazikufika.

Basi mimi nilipotea nikiwa na daftari mkononi.

Usinielewe vibaya, hesabu utaihitaji, lakini mahali pake ni kwenye madai ya fidia. Kwenye ombi la zuio unatakiwa uonyeshe kisichohesabika, na kiwe cha kweli. Biashara nzima itafungwa kwa sababu bidhaa hiyo ndiyo roho yake. Wateja uliowajenga watahamia kwa mwingine na hakuna kipimo cha kuwahesabu. Au aliyekuvunjia mkataba yuko nje ya nchi na hapa Kenya hana hata kiti, hivyo fidia utakayoshinda utaitundika ukutani. Mimi sikuwa na lolote kati ya hayo. Duka langu linauza pia oili, betri na plagi, na aliyenifukuza ana majumba Nairobi.

La pili lililonimaliza ni deni. Mwanzoni kabisa mama wakili aliniuliza, "Wewe hudaiwi na hawa watu?" Nikamwambia ni mambo madogo ya hesabu, yataisha. Mambo madogo yalikuwa invoisi mbili, jumla milioni 1.3, zimepita tarehe. Ukienda mbele ya jaji peke yako, mwenzako hayupo kujitetea, unalazimika kusema yote, hata yanayokuumiza. Upande wa pili ulipozitoa zile invoisi, wakili wangu alinigeukia na kunitazama. Mtazamo ule sitausahau.

Uamuzi ulisema kwamba ngazi ya kwanza nimepanda, notisi haikutolewa. Ya pili nimeteleza. Oda ikaondolewa, kesi ya fidia ikabaki.

Nikiulizwa leo ningeomba nini, ningeomba kidogo. Mimi niliomba kampuni ilazimishwe kuendelea kuniletea matairi kwa bei ya mkataba mpaka kesi iishe. Hiyo ni amri ya kumsukuma mtu atende, na majaji huitoa kwa nadra sana mwanzoni mwa kesi. Ningeshikilia ile ahadi moja tu waliyoiandika, kwamba hawatamuuzia mwingine katika eneo langu, tena kwa siku 90 za notisi, basi. Kumzuia mtu asivunje alichoahidi kutokifanya ni ombi jepesi zaidi kukubaliwa. Na ningetia sahihi mapema ahadi ya kuwalipa hasara yao endapo itaonekana zuio halikustahili, badala ya kungoja niulizwe na kubabaika.

Usidhani pia kwamba ukishikilia oda kwa miaka ndiyo umepona. Kesi ya Bia Tosha na Kenya Breweries, kuhusu maeneo ya kusambaza bia, ilianza 2016 na hukumu ya Mahakama ya Juu ikatoka Februari 2023. Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya oda zilizotolewa mwanzoni kabisa na kama zilitiiwa. Miaka karibu saba! Wewe una mtaji wa kukaa miaka saba?

Lakini majuto yangu makubwa hayako mahakamani. Siku ya tisa ya zile siku 14, yule meneja mauzo alishuka na treni ya SGR akaja dukani mwenyewe. Nilimpa kahawa. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaitazama ile oda ukutani (sikuwa nimeibandua), akasema kampuni iko tayari kuyanunua matairi yangu yaliyobaki kwa bei niliyoyachukulia, kunilipa gharama ya mabango, na kulifuta deni nusu. Walikuwa na hofu, kwa sababu hawakujua jaji ataamua vipi. Hata mimi sikujua, ila nilikuwa nimeshiba biriani. Nikamwambia tutaonana koti.

Baada ya uamuzi tulipelekwa kwenye upatanishi. Mabango hawakuyataja tena. Deni nililipa lote kwa awamu, na wao wakanilipa faida ya siku 90, ile ile 412,600 mara tatu, kwa kuwa nilikuwa nimewafanyia hesabu tayari. Matairi 340 yakabaki kwangu, stoo ya Shimanzi, nami sina jina la kuyauzia. Yule dereva wa tuktuk alirudi, nikampa kwa bei aliyoitaka siku ile, kisha akaleta wenzake wa steji nzima. Yamebaki sita. Ukitaka, pitia kabla ya magharibi.