Nikipaka rangi siku 1 naanguka siku 2: "kidogo kidogo" ni dakika ngapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mchoraji, rangi za mafuta, huu mwaka wa 11. Nilipata nimonia kali nikalazwa wiki 3, siku kadhaa za mwanzo nilikuwa kwenye oksijeni. Nina miezi 2 tangu niruhusiwe, daktari anasema kifua kinaenda vizuri, nimebaki na inhela ya salbutamol nikibanwa. Shida iko studio. Siku nikiamka niko freshi naingia napiga masaa 4 bila kusimama, kesho yake na keshokutwa siwezi hata kuoga mpaka nikae. Mkono unatetemeka, vidole vinabana brashi mpaka vinauma. Halafu kuna oda ya mteja, kanvasi ya sentimita 120 kwa 90, natakiwa kukabidhi baada ya wiki 8, na kazi ya saizi hiyo zamani ilikuwa inanila kama masaa 45. Kila nikimuuliza daktari ananiambia endelea kidogo kidogo. Sasa kidogo ndo dakika ngapi? Na je, rangi za mafuta niachane nazo kwa ajili ya mapafu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, nimonia ya kuwekewa oksijeni sio mafua, miezi 2 bado ni karibu mno. Mimi kazi yangu ni tiba kwa vitendo, yaani kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya kuugua, na wachoraji nawajua, ni wabishi kuliko hata mafundi. Fundi akichoka anaacha nyundo. Mchoraji akichoka anasema ngoja nimalizie hili kona tu.

Naanza na dakika maana ndo ulichouliza. Dozi yako ya kuanzia iwe dakika 15 asubuhi na dakika 15 mchana, katikati ulale chini angalau saa 1, na nikisema kulala ni kulala, sio kukaa unachati. Siku 5 kwa wiki. Najua utaniona nakutania, mtu wa masaa 4 nampa nusu saa, lakini angalia hesabu yako mwenyewe: masaa 4 siku 1 ukijumlisha siku 2 za kuanguka ni siku 3, na ndani ya hizo 3 mwili umepigwa chini badala ya kujengwa. Dakika 15 utazifanya kesho tena na keshokutwa tena.

Na kosa kubwa naloliona kwako sio hata hayo masaa, ni kwamba unaamua kwa kujisikia. "Nikiamka niko freshi naingia." Uchovu wa kupona haufanyi kazi hivyo, bili yake inachelewa, unakula leo unaletewa kesho au keshokutwa, kwahiyo ukiwa mbele ya kanvasi hakuna kitu mwilini kinachokuambia ukweli. Weka alamu ya simu, ikilia unaacha hata kama brashi ina rangi, tena ukiacha huku bado una hamu ndo vizuri zaidi. Kipimo cha kama ulizidisha usikitafute jioni ile, kitafute asubuhi 2 zinazofuata. Zote 2 ukiwa vile vile kama kawaida, basi dozi imekukubali, kaa nayo wiki nzima ndo uongeze dakika 2 au 3 kwa kila kipindi. Ukianguka, rudi ulipokuwa na ukae hapo, usijaribu kufidia.

Hapa niweke angalizo moja. Kuna watu ambao huku kuanguka baada ya kazi hakupungui, miezi inapita na kila wakiongeza kidogo wanazidi kuwa chini. Hao kupandisha dakika kwa ratiba kunawaumiza, na miongozo ya Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu iliacha kabisa kupendekeza mazoezi ya kupandishwa kwa hatua zilizopangwa. Sisemi unao huo ugonjwa, miezi 2 baada ya nimonia kuchoka ni kawaida, ila ukiona wiki 4 umekaa kwenye dozi ndogo na bado unaanguka vile vile, acha kuongeza na umwambie daktari kwa maneno haya haya: nafanya kitu kidogo, nazimika kesho yake. Watu wengi wanasema tu "nachoka" na daktari anaandika kachoka, basi.

Kingine, zile dakika 15 sio za kupaka tu. Kufungua tyubu, kubeba stendi, kunyanyua kanvasi, kuosha brashi, zote ni kazi na mwili unazihesabu. Kuosha brashi umesimama kwenye sinki umeinama kunaweza kukuchosha kuliko kupaka kwenyewe. Weka kila kitu kwenye trei moja juu ya meza usiwe unazunguka. Unaweza hata kugawa, asubuhi unapanga rangi na kuchanganya tu, mchana unapaka.

Sasa mapafu, na hili nalipenda kwa sababu watu wengi wanalijua nusu. Rangi za mafuta zenyewe sio adui yako. Mafuta ya linsidi yaliyomo (ya mbegu za kitani, ndo yanayobeba rangi) hayaruki hewani kwa namna ya kukusumbua, kinachoruka ni tapentaini na thina unazotumia kulainisha na kuosha. Hizo ndo uziweke nje ya chumba kabisa, hata zile wanazoandika hazina harufu, maana walichopunguza ni harufu na mvuke bado upo, ila sasa pua haikuonyi. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inayozuia ni ile yenye kichujio cha kemikali, na hiyo inafanya kuvuta pumzi kuwe kugumu, sitamvalisha mtu anayetoka nimonia ili tu aendelee na tapentaini. Brashi futa kwa kitambaa, iloweke kwenye mafuta ya alizeti, futa tena, ndo umalizie na sabuni na maji. Ukiwa umechoka ilaze kwenye trei yenye mafuta kidogo, itakusubiri hadi kesho. Rangi ikiwa nzito ilainishe kwa tone la mafuta, au tafuta zile rangi za mafuta zinazokubali maji. Chaki laini za rangi ziache kwanza kwa vumbi lake, kusugua geso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, kwa msasa mwachie mtu mwingine akafanyie nje, na vanishi za kupuliza sahau kwa sasa.

(Vitambaa vyenye mafuta ya linsidi usivifinyange ukavirundika kwenye ndoo. Vikikauka vinatoa joto na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Vitandaze vikauke kimoja kimoja nje, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.)

Na watu wakikushauri uhamie akriliki kwa sababu ni ya maji, mi nakuambia subiri. Akriliki inakauka kwa dakika, inakukimbiza, ukiacha kwenye dakika ya 15 eneo limeshakufia mkononi, kwahiyo utashawishika kuongeza. Rangi ya mafuta inakungoja. Funika paleti kwa nailoni, kesho unaendelea na kingo bado mbichi. Kwa mtu anayefanya kazi kwa vipande vidogo hiyo ni zawadi. Akriliki itumie chini tu kama tabaka la kwanza ukitaka, mafuta juu yake inakubalika, kinyume chake hapana.

Tukija kwenye mwili ulivyokaa. Mikono ikiwa juu ya mabega kupumua kunakuwa kazi zaidi, kwa sababu misuli ya mabega na kifua cha juu inayokusaidia kuvuta hewa ukibanwa ndo hiyo hiyo unayoitumia kunyanyua brashi. Kanvasi yako ina urefu wa zaidi ya mita 1, nusu ya muda una mkono hewani. Kwahiyo kaa kwenye kiti chenye mgongo, shusha kazi mpaka sehemu unayopaka iwe kati ya kiwiko na kifua, na ukitaka kupaka juu geuza kanvasi chini juu. Ukibanwa shusha mkono, egemeza viwiko mapajani, vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobana kama unapuliza mshumaa bila kuuzima.

Mkono kutetemeka: umetaja salbutamol halafu hukuunganisha! Hiyo dawa inajulikana kwa kutetemesha mikono na kufanya moyo uende mbio, ni athari ya kawaida na hutulia yenyewe. Angalia kama unatetemeka zaidi baada ya kupuliza. Kama ndiyo, dakika hizo fanya maeneo mapana, anga, mandharinyuma, mistari myembamba iwekee wakati mwingine. Ila nisikusikie unaruka dawa ili mstari utoke mzuri. Ukiona unaihitaji mara nyingi kuliko ulivyoelekezwa, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Kwa utetemekaji uliobaki tumia fimbo ya kuegemezea mkono, ile yenye kichwa cha kitambaa, wachoraji wameitumia karne na karne, ukiwa mzima ulikuwa unaiona ya kizee sasa ndo wakati wake.

Vidole kubana ni kwa sababu mshiko umedhoofika, na ukiwa dhaifu unabana zaidi kuliko inavyohitajika. Nenepesha mpini: zungushia sponji au kitambaa, funga na tepu, ufikie unene wa kama kidole gumba, brashi 3 au 4 unazotumia sana zinatosha. Shika nyuma zaidi ya ulivyozoea. Kanuni yangu kwa maumivu ni masaa 2, yakiendelea zaidi ya hapo baada ya kuacha, kesho punguza. Na vidole vikiwa na ganzi isiyoisha au mkono mmoja kuwa dhaifu kuliko mwingine, hilo sio la sponji, nenda ukapimwe. Na kabla sijasahau: kubanwa ukiwa umetulia, maumivu ya kifua, damu kwenye kikohozi, homa kurudi au mguu mmoja kuvimba, acha kila kitu uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna kitu kinaniudhi. Mchoraji akiugua lazima atokee mtu wa kumwambia mbona Frida Kahlo, yule mchoraji wa Meksiko, alichora akiwa kitandani, mbona Matisse, yule Mfaransa, hakuacha. Ni kweli, lakini waeleze nusu nyingine. Baada ya ajali ya basi ya 1925 Frida alitengenezewa stendi maalum ya kitandani na kufungiwa kioo juu yake, studio ndo ilimfuata kitandani. Matisse alifanyiwa upasuaji wa tumbo 1941, na kwenye kazi zake za kukata karatasi alikuwa na wasaidizi waliopaka rangi zile karatasi na kuzipachika ukutani yeye akiwaelekeza. Kwahiyo nani kwako anaweza kukukazia kanvasi na kukuoshea brashi? Huyo mwombe, tena leo.

Sasa oda. Tupige hesabu bila huruma. Dakika 30 kwa siku, siku 5, wiki 8, ni dakika 1,200, yaani masaa 20, na humo humo kuna kufungua na kuosha. Kazi inataka 45. Hata dozi ikipanda vizuri njiani haitafika, na ukijaribu kuilazimisha wiki ya 7 utarudi kwenye yale masaa 4 na kuanguka. Una njia 2 naziona. Ya kwanza mwombe mteja muda, sema tarehe mpya utamthibitishia baada ya wiki 4 ukishaiona dozi yako ilivyo, usimpe tarehe ya kubahatisha. Ya pili, mpe wazo la kuigawa kazi iwe vipande 6 vya sentimita 40 kwa 45, vikipangwa 3 kwa 2 vinarudi kuwa 120 kwa 90 kamili. Eneo halipungui, masaa bado ni yale yale karibu, lakini kila kipande kinakaa mezani mbele yako, hunyanyui mkono, unakimaliza unakiweka pembeni, na unaweza kumkabidhi 2 za mwanzo kwa tarehe ya zamani akaona kazi inatembea. Mi ningeenda na hii ya pili kama picha inaruhusu kukatwa, kama ni uso wa mtu mkubwa katikati hapo pagumu, omba muda tu. Meseji ya mteja iandike wiki hii, usisubiri wiki ya 6, na uiandike ukiwa umekaa, hiyo nayo ihesabu kwenye dakika zako za siku.