Kodi ya Morogoro ni nafuu, lakini cherehani yako haijahesabiwa

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano, yuko awali, na mdogo ndiyo kwanza anatembea. Tunaishi Sinza, vyumba viwili na sebule, kodi laki tatu kwa mwezi. Mume wangu amepata kazi kwenye kampuni moja Morogoro, mshahara umezidi kidogo ule wa sasa, na anataka tuhame wote mwezi wa tisa. Anasema nyumba kama yetu kule Kihonda ni laki na nusu, vyakula bei chee, halafu tutakuwa karibu na mama yake aliyeko Kilosa. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa kawaida nabakiwa na kama laki tatu na nusu, na mama yangu, aliyeko Manzese, ndiye anayenishikia mtoto. Nikimuuliza mume nitaanzaje upya kule, ananijibu, "Wewe tulia, nitawatunza." Wifi zangu wanasema sitaki kumfuata mume. Je, ni kweli mimi ni mkaidi? – Fundi wa Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali uliposema hutaki kwenda, sijapaona. Umeuliza utaanzaje upya, ukaambiwa utulie. Hilo si jibu. Wifi zako waache na lao, mshahara wa kaka yao haupiti mikononi mwao.

Baba watoto amepiga hesabu nusu. Kwenye kodi mtaokoa laki na nusu, sawa. Sasa toa laki tatu na nusu unazoingiza wewe, ambazo miezi ya mwanzo hutaziona, maana fundi mgeni hapewi kitambaa cha harusi na mtu asiyemjua. Toa na malipo ya dada wa kazi, ambaye pia atakula na kulala kwenu, kwa sababu bibi mtamwacha Manzese. Hicho "kidogo" kilichozidi kwenye mshahara kinaziba pengo lote hilo? Kama hakizibi, mtakuwa mmehamia mji wa bei nafuu mkiwa na pesa pungufu kuliko mlizokuwa nazo kwenye mji wa bei ghali. Simwoni mume wako kuwa mtu mbaya. Ila wanaume wengi pesa ya mke huiita ya mboga hata pale inapolipa ada na luku, na wake wengi, wewe ukiwamo nadhani, huwaachia waiite hivyo. Chukua daftari lako la wateja, watoto wakilala mkae, muandike kila shilingi uliyotoa kwa ajili ya nyumba miezi mitatu iliyopita. Usibishane naye. Soma tu kwa sauti.

Baada ya hapo ndiyo mzungumzie Morogoro, kwa sababu kwa kweli Morogoro si mahali pabaya kwa fundi. Kuna wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, nao wana mahafali na wana harusi za wenzao. Treni ya umeme iliyoanza 2024 inakufikisha Dar kwa kama saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Maana yake unaweza kwenda Kariakoo asubuhi kufuata vitambaa na nyuzi ukarudi jioni. Wateja wako wa Sinza ambao vipimo vyao viko daftarini nao huwapotezi wote. Nguo iliyokamilika unaipakia kwenye basi pale Msamvu, mwenyewe anaipokea Dar. Wapo watakaokuacha, hasa wale wanaotaka kujaribishwa mara tatu (hao nao wana hasara yao, unajua). Lakini wenye vitenge vya kila mwezi watabaki kama hutawachelewesha.

Kinachonitatiza ni huo mwezi wa tisa. Mbona haraka? Mwanao mkubwa anamaliza awali mwisho wa mwaka, na Januari anaanza la kwanza. Ukimhamisha Septemba utamkatisha muhula, umzoeshe shule mpya kwa miezi michache, halafu aanze tena. Kama uko kwenye kikoba, vingi huvunjwa Desemba. Ukiondoka katikati utagombania hisa zako na mweka hazina kwa simu. Na kodi ya Sinza mmelipa mpaka lini? Hukusema. Mwenye nyumba hatakurudishia miezi ambayo hujalala.

Ningekuwa mimi, mume angetangulia Septemba, apange chumba kimoja, aje na treni baadhi ya wikendi. Mwanzoni mwa Desemba unachukua oda za sare za Sinza mapema kuliko kawaida yako, unafunga kazi, mnahama kabla ya Krismasi. Najua utaniambia Januari ndiyo msimu wenu wa sare, nitauachaje? Ndiyo sababu nataka ikukute tayari uko Kihonda. Januari mafundi wa mtaani wamezidiwa, wazazi wanahangaika, na fundi mgeni anayetoa sare kwa siku aliyoahidi hujulikana mtaa mzima ndani ya wiki mbili. Ukihamia mwezi wa tatu, msimu umepita, utakaa na cherehani yako unahesabu bodaboda.

Kuna jambo jingine linalomhusu yeye. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi aliyefanya kazi chini ya miezi sita nafasi ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo halali. Miezi ya mwanzo ana ulinzi mdogo, sababu nyingine ya kutobeba kabati na kitanda siku ya kwanza. Sheria hiyohiyo inataka mwajiri, ajira ikikoma mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, amrudishe alipoajiriwa pamoja na mizigo yake au alipie usafiri huo. Kwa hiyo kabla hajasaini, mkataba useme wazi kwamba ameajiriwa Dar es Salaam. Aulize pia kama wanatoa posho ya kuhamia. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kuhusu mama mkwe nakuambia kidogo tu: Kilosa si mtaa wa pili kutoka Kihonda. Mtaenda kumsalimia, na ni vizuri, lakini asiingizwe kwenye hesabu ya kulea mtoto kama hajaulizwa mwenyewe.

Nyumba usiletewe picha kwenye simu. Panda treni, nenda ukaione kabla dalali hajapokea kodi ya miezi sita. Waulize majirani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, uulize deni la luku, na uangalie kama pana kibaraza au fremu ya karibu utakapoweka cherehani watu wakakuona wakipita. Kama hapana, mwambie dalali aendelee kutafuta, hata kodi ikipanda hadi laki na themanini.